Jumba la Gavana na Elimu ya Bahari: Ziara ya Makumbusho ya Kisiwa cha Msumbiji kwa Mwalimu wa Kiswahili

Utangulizi

Mtangazaji wa redio anaposema kwamba michuano ya kandanda "imeng'oa nanga", msikilizaji wa Kampala, Mbale au Gulu anamwelewa bila taabu. Viongozi nao "hushika usukani", mipango ya serikali huwa na "dira", na mambo yakiharibika husemwa kwamba yamekwenda "mrama". Maneno haya yote yalitoka chomboni, yakapanda bara, na sasa yanatumiwa na watu wengi ambao hawajaiona bahari hata siku moja.

Hakuna ubaya wowote katika jambo hilo. Lugha hai ndivyo inavyokua. Tatizo huanza darasani, pale mwalimu anapofikia methali kama "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani". Wengi wetu tunaofundisha mbali na pwani hutoa maana ya jumla tu, kwamba mtu hata akizunguka vipi hurudi alipoanzia, kisha tunaendelea na methali nyingine. Tezi ni nini, omo iko wapi, na ngamani kuna nini hata mtu alazimike kurudi huko? Mwanafunzi akiuliza hivyo, jibu hukosekana, na methali inabaki kuwa kitu cha kukariri kwa ajili ya mtihani.

Makala haya yanaeleza namna ziara ya makumbusho ya historia ya bahari inavyoweza kumsaidia mwalimu wa Kiswahili na wanafunzi wake. Mfano uliochaguliwa ni makumbusho yaliyomo katika jumba la zamani la magavana wa Kireno katika Kisiwa cha Msumbiji, kaskazini mwa nchi ya Msumbiji. Jumba hili halitajwi sana katika vitabu vyetu, ambavyo huishia Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa. Hata hivyo, lina mambo ambayo mwalimu wa lugha hatayapata kwa urahisi mahali pengine, na lina maswali mazito yanayomgusa kila anayejiita Mswahili au mtumiaji wa Kiswahili.

Kisiwa na jumba lenyewe

Kisiwa cha Msumbiji ni kisiwa chembamba chenye urefu wa kilomita 3 hivi na upana usiozidi nusu kilomita. Kimeunganishwa na bara kwa daraja lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3. Ni kisiwa hiki kilichoipa nchi nzima jina lake. Inaelezwa kwamba jina lenyewe lilitokana na jina la mtawala Mwislamu aliyekuwa akiishi hapo kabla ya kuja kwa Wareno, ambaye Wareno waliliandika jina lake kwa namna mbalimbali, ikiwemo Mussa bin Bique.

Vasco da Gama alifika hapo mwezi Machi, 1498. Mwaka 1507 Wareno waliweka kituo chao, mwaka 1522 wakajenga kanisa dogo la Nossa Senhora do Baluarte kwenye ncha ya kisiwa, na mwaka 1558 wakaanza kujenga ngome kubwa ya São Sebastião. Waholanzi waliishambulia ngome hiyo mwaka 1607 na tena mwaka 1608 wasifaulu kuiteka. Kisiwa kiliendelea kuwa makao makuu ya Wareno katika upande huu wa Afrika hadi mwaka 1898, makao yalipohamishiwa Lourenço Marques, mji ambao leo unaitwa Maputo.

Jumba tunalolizungumzia linaitwa Jumba la São Paulo. Ni jengo kubwa la ghorofa lililopakwa rangi nyekundu, na pembeni yake pana kanisa lake. Lilianza mwaka 1610 kama chuo cha mapadri wa shirika la Wajesuti. Shirika hilo lilipofukuzwa katika himaya ya Ureno mwaka 1759, jengo lilichukuliwa na serikali na kufanywa makazi ya gavana. Leo ghorofa ya juu ni makumbusho ya maisha ya magavana, na ghorofa ya chini ni Makumbusho ya Bahari. Jirani, katika kanisa la Misericórdia, pana makumbusho ya tatu, ya sanaa ya dini. Mwaka 1991 UNESCO ilikiweka kisiwa chote katika orodha ya urithi wa dunia.

Kwa nini jumba likajengwa hapa?

Swali hili linafaa kuulizwa kabla ya kuingia ndani, kwa kuwa jibu lake ni upepo. Wanafunzi wetu wanalijua ziwa, lakini ziwa halikuwalazimisha babu zao kungoja nusu mwaka ili warudi kwao. Bahari ya Hindi ilifanya hivyo. Kati ya Disemba na Machi huvuma kaskazi, upepo uliovileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kati ya Aprili na Septemba huvuma kusi, upepo uliovirudisha. Nahodha aliyefika Kilwa kwa kaskazi aliweza kufanya biashara yake na kurudi kwa kusi katika mwaka uleule. Aliyetaka kwenda mbali zaidi, hadi Sofala kwenye dhahabu, ilimpasa kupanga safari kwa vituo na kungoja.

Wareno walitoka upande mwingine, lakini upepo uliwatawala vilevile. Merikebu zao ziliondoka Lisbon mwezi Machi au Aprili, zikazunguka rasi ya kusini ya Afrika, zikafika Kisiwa cha Msumbiji mnamo Julai au Agosti. Zikiwahi, zilidaka mwisho wa kusi na kufika Goa. Zikichelewa, watu walikaa kisiwani miezi mingi wakingoja kusi ya mwaka mwingine, na wengi walikufa kwa maradhi. Mshairi mashuhuri wa Ureno, Luís de Camões, alikwama hapo kati ya mwaka 1567 na 1569 akiwa fukara anayeishi kwa msaada wa rafiki zake.

Kwa hiyo ngome, hospitali, makanisa na jumba la gavana havikujengwa hapo kwa bahati tu. Vilijengwa mahali ambapo upepo uliwalazimisha watu kusimama. Mwalimu akilieleza hili vizuri, wanafunzi wataona kwamba "kusi" na "kaskazi" si pande mbili za dunia tu. Ni kalenda, ni ratiba ya biashara, na wakati mwingine ni hukumu ya kifo.

Ghorofa ya juu: maneno yaliyomo katika vyumba

Juu mgeni huonyeshwa vyumba vya gavana vikiwa na samani nzito za mbao zilizochongwa kwa nakshi nyingi, nyingi zikiwa za mtindo uliochanganya ufundi wa Kihindi na wa Kireno. Kuna vyombo vilivyotoka Ureno, Arabuni, Goa na China. Katika kanisa la jumba hilo kuna mimbari iliyochongwa Goa katika karne ya 17 na mafundi wa Kichina. Chumba kimoja tu kinatosha kuonyesha kwamba bahari hii ilikuwa njia kuu iliyounganisha nchi nyingi.

Kwa mwalimu wa Kiswahili, vyumba hivi ni kamusi ya maneno ya mkopo. Anaweza kuwasimamisha wanafunzi mbele ya kila kitu na kuuliza jina lake. Meza ni neno la Kireno. Kasha ni la Kireno. Foronya ya mto wa kitanda, leso, mvinyo uliomiminwa mezani, karata zilizochezwa baada ya chakula, bendera iliyopepea juu ya paa, yote yametoka katika Kireno. Hata roda, yaani gurudumu dogo linalopitisha kamba ya kupandishia tanga, ni neno la Kireno lenye maana ya gurudumu.

Neno linalovutia zaidi ni gereza. Wataalamu wengi hulihusisha na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Maelezo yanayotolewa ni kwamba makanisa ya Wareno yalikuwa ndani ya ngome au karibu nazo, watu wa pwani wakaliita jengo lote kwa jina hilo, na ngome zilipogeuzwa kuwa jela, neno likabaki na maana hiyo. Ukisimama kati ya kanisa na ngome za kisiwa hiki, ni rahisi kuona jinsi mabadiliko hayo ya maana yalivyowezekana. Semantiki ya kihistoria, ambayo wanafunzi wengi huiona kavu, hapo hupata mwili.

Ukopaji haukwenda upande mmoja. Kireno cha Msumbiji nacho kilichukua maneno yetu. Shamba linaitwa "machamba", na mapaa ya makuti yanaitwa "macuti". Nusu ya kusini ya kisiwa hiki inaitwa rasmi Mji wa Macuti kwa sababu nyumba za huko ziliezekwa kwa makuti. Mji huo umekaa chini kuliko barabara, kana kwamba umezama. Sababu ni kwamba mawe ya kujengea majumba ya upande wa kaskazini, likiwemo lile la gavana, yalichimbwa hapo. Matajiri wakapata majumba, na watu wa kawaida wakajenga vibanda vyao ndani ya mashimo yaliyobaki. Mwalimu asiwaonyeshe wanafunzi jumba bila kuwaonyesha shimo.

Aidha, Kiswahili chenyewe kiliingia katika ofisi za magavana kwa njia ya maandishi. Katika hifadhi ya nyaraka za taifa mjini Maputo zimo barua za karne ya 19 zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingi zikiwa kwa Kiswahili, ambazo watawala wa pwani ya kaskazini walizipeleka kwa Wareno. Masheikh wa maeneo hayo walijadili biashara, ugomvi na mikataba katika lugha hii. Hadi leo Kimwani huko Cabo Delgado na Kikoti huko Angoche ni lugha zinazoonyesha undugu na athari kubwa ya Kiswahili. Anayedhani kwamba Kiswahili kinaishia mto Ruvuma, na aziangalie barua hizo.

Ghorofa ya chini: dira ni ya nani?

Makumbusho ya Bahari ni madogo. Yanaonyesha dira za merikebu, sarafu za dhahabu, vyombo vya kauri vya China na vitu vingine vilivyotolewa katika merikebu zilizozama karibu na kisiwa. Mgeni asiyejiandaa anaweza kutoka humo akiamini kwamba elimu ya bahari ililetwa na Wareno, na kwamba watu wa pwani walikuwa watazamaji tu ufukweni.

Ushahidi wa kukanusha dhana hiyo umeandikwa na Wareno wenyewe. Taarifa ya safari ya kwanza ya Vasco da Gama, iliyoandikwa na mmoja wa waliokuwemo, inaeleza vyombo walivyovikuta kisiwani mwaka 1498. Mwandishi anasema vilikuwa vikubwa, havikuwa na sitaha, mbao zake hazikupigiliwa misumari bali zilishonwa kwa kamba, na matanga yake yalikuwa ya mkeka. Halafu anaongeza kwamba manahodha wake walikuwa na dira, vipimo vya kupimia nyota na ramani za bahari. Kwa maneno mengine, mgeni alikuta wenyeji wa bandari hiyo wanajua walikokwenda na walikotoka.

Chombo kilichoshonwa ndicho ambacho katika Kiswahili huitwa mtepe. Mbao zilitobolewa matundu, zikaunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga likasukwa kwa miyaa. Chombo cha namna hiyo kiliweza kupinda kidogo kinapopigwa na wimbi au kinapokwaruza mwamba, mahali ambapo mbao zilizopigiliwa misumari zingepasuka. Mitepe ilitoweka katika bahari yetu katika karne ya 20. Nakala kubwa ya mtepe ilishonwa mwaka 2003 na kuwekwa katika jumba la Beit al-Ajaib mjini Zanzibar. Jumba hilo liliporomoka sehemu mnamo tarehe 25 Disemba, 2020. Tukio hilo linatukumbusha kwamba hata makumbusho yenyewe yanahitaji kutunzwa ili yatunze vingine.

Mbele ya mifano ya vyombo, mwalimu anaweza sasa kurudi kwenye methali zetu. Omo ni sehemu ya mbele ya chombo na tezi ni sehemu ya nyuma, alipo mshika usukani. Ngama ni sehemu ya chini ndani ya chombo ambako maji yanayovuja hujikusanya. Baharia anaweza kwenda mbele akashughulikie nanga, anaweza kurudi nyuma akazungumze na nahodha, lakini lazima arudi ngamani kuyachota maji, la sivyo wote watazama. Hapo mwanafunzi ataona kwamba methali ile inasema zaidi ya kurudi nyumbani. Inamkumbusha mtu kwamba kuna kazi isiyokwepeka.

Vivyo hivyo kwa methali "Dau la mnyonge haliendi joshi". Kwenda joshi ni kukielekeza chombo kwenye upepo, na kazi hiyo hutaka tanga zuri, kamba imara na mikono ya kutosha. Mnyonge hana vitu hivyo, kwa hiyo dau lake hufuata upepo unakotaka. Hata "Nahodha wengi, chombo huenda mrama" hueleweka vizuri zaidi mwanafunzi akijua kwamba mrama ni ile hali ya chombo kuyumbayumba huku na huku.

Nje ya makumbusho somo huendelea bure. Madau na mashua zenye matanga ya pembe tatu bado huvuka kati ya kisiwa na bara. Ukikaa ufukweni saa moja, utaona mlingoti, foromali inayobeba tanga, na demani, yaani kamba inayoshikilia pembe ya nyuma ya tanga. Wavuvi wa hapo huzungumza Kimakhuwa cha pwani, na mwanafunzi mwenye masikio makini atasikia maneno anayoyafahamu.

Farumi: kile kisichoonekana katika kabati

Kuna neno moja la bahari ambalo wanafunzi wetu hawalijui kabisa, nalo ni farumi. Farumi ni mawe, mchanga au vyuma vinavyowekwa chini ya chombo ili kisipinduke kikiwa hakina shehena nzito. Neno hili la kifundi linafungua mlango wa jambo ambalo jumba la gavana halilisemi kwa sauti.

Merikebu ya Kireno iliyoitwa São José Paquete de África iliondoka Lisbon mwaka 1794 ikiwa imebeba mapande ya chuma zaidi ya elfu moja. Ilifika Kisiwa cha Msumbiji, ikapakia watu zaidi ya 400 waliokuwa watumwa, na mwezi Disemba mwaka huohuo ikaanza safari ya kwenda Maranhão, Brazili. Tarehe 27 Disemba, 1794 ilivunjika kwenye miamba karibu na Cape Town. Watumwa zaidi ya 200 walikufa maji. Walionusurika waliuzwa hukohuko Cape.

Mabaki ya merikebu hiyo yalitambuliwa na watafiti, na habari zake zikatangazwa mwaka 2015. Kitu kilichosaidia kuitambua kilikuwa yale mapande ya chuma, yaani farumi. Merikebu iliyobeba watu haikuwa nzito kama iliyobeba bidhaa, na watu hao hujongea, huumwa na hufa njiani. Kwa hiyo mwenye merikebu alihitaji chuma cha kusawazisha uzito wao. Mwanadamu alipimwa kwa chuma. Mwaka huohuo wa 2015, udongo uliotoka Mossuril, bara mkabala na kisiwa, ulipelekwa Cape Town na kutiwa baharini mahali merikebu ilipozama, ili marehemu wafunikwe na udongo wa kwao.

Merikebu moja haikuwa biashara yote. Katika karne ya 18 wafanyabiashara wa Kifaransa walinunua watu hapa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Mascarene, na katika karne ya 19 wengi walipelekwa Brazili. Ureno ilipiga marufuku usafirishaji huo mwaka 1836, lakini uliendelea kwa siri miaka mingi baadaye. Madagaska hadi leo wapo watu wanaoitwa Makoa, jina linalokumbusha asili yao ya Wamakua. Fedha za biashara hiyo ndizo zilizonunua sehemu ya samani zinazong'aa ghorofani. Kisiwani pana Bustani ya Kumbukumbu kwa ajili ya watu hao, na ziara isiyopitia hapo haijakamilika.

Hazina iliyouzwa na hazina iliyobaki

Jambo la pili zito linahusu vile vyombo vya kauri. Kampuni moja ya kigeni ilipewa kibali cha kuopoa mali katika merikebu zilizozama eneo hilo. Merikebu mojawapo, iliyozama karibu na ngome katika karne ya 16, ilikuwa na shehena kubwa ya kauri za enzi ya Ming pamoja na dhahabu. Sehemu ya vitu hivyo ilibaki Msumbiji. Sehemu nyingine iliuzwa kwa mnada mjini Amsterdam mwezi Mei, 2004, na sasa imetawanyika katika mikono ya watu binafsi.

Linganisha na yaliyofanyika Mombasa. Merikebu ya kivita ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mwaka 1697 mbele ya Fort Jesus wakati wa kuzingirwa kwa ngome hiyo. Wanaakiolojia waliichunguza kati ya mwaka 1977 na 1980 kwa kushirikiana na makumbusho ya taifa ya Kenya, na vitu vilivyopatikana vikawekwa katika makumbusho ya Fort Jesus. Hapo mwanafunzi anaweza kuona vitu vya merikebu moja kwa pamoja na kuielewa.

Tofauti ni kubwa. Sahani moja ikiuzwa peke yake hubaki kuwa pambo. Ikihifadhiwa na wenzake, pamoja na mahali ilipolala ndani ya merikebu, hueleza nani aliibeba, kwa nani na kwa nini. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu urithi ulio chini ya maji unakataza vitu vya namna hii kufanywa bidhaa. Sisi walimu wa lugha tunaijua hasara hii kwa upande wetu. Neno likichomolewa katika sentensi yake na katika kazi yake, hubaki ganda tu. Ndivyo tulivyofanya kwa tezi, omo na ngama katika orodha zetu za msamiati.

Ushauri kwa wanaotaka kwenda

Njia rahisi ni kufika mji wa Nampula kwa ndege, kisha kusafiri kwa gari kilomita 180 hivi hadi kisiwani. Walio na wazo la kupita Tanzania kwa barabara na kuvuka Ruvuma wakumbuke kwamba njia hiyo hupita Cabo Delgado, jimbo ambalo limekuwa na mapigano tangu Oktoba, 2017. Wasipange safari hiyo bila kupata taarifa za usalama. Vilevile, kimbunga Gombe kilikipiga kisiwa hiki mwezi Machi, 2022 na kuharibu nyumba nyingi. Ni vyema kuuliza mapema ni sehemu zipi zinazopokea wageni.

Kireno ndicho lugha ya maelezo katika makumbusho. Kikundi kiwe na mtu anayekifahamu, au kitafute mwongozaji wa kisiwani. Mpangilio wa ziara uwe hivi: kwanza ngome, ili wanafunzi waelewe upepo na vita, pili jumba la gavana, tatu Makumbusho ya Bahari, nne Bustani ya Kumbukumbu, na mwisho Mji wa Macuti na ufukwe wa wavuvi. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa za watu.

Kwa idara zisizo na fedha za safari, na nyingi ziko hivyo, somo hili linaweza kuanzia hapa nyumbani. Yafuatayo ni mazoezi yanayofaa:

1. Wanafunzi wakusanye maneno ya bahari katika magazeti na matangazo ya redio kwa wiki moja, kisha waeleze maana ya kila neno chomboni na maana yake ya sasa.

2. Wachore jahazi na kuandika majina ya sehemu zake: omo, tezi, mkuku, mataruma, mlingoti, foromali, tanga, usukani na ngama.

3. Wachague methali tano za bahari na kuzieleza kwa kuanza na kazi ya baharia, siyo kwa kuanza na funzo.

4. Wachunguze maneno ya asili ya Kireno katika Kiswahili na kuyapanga kwa makundi: ya nyumbani, ya chakula, ya chomboni na ya utawala.

5. Wajadili: je, jumba lililojengwa kwa jasho na mauzo ya watumwa linafaa kuhifadhiwa? Likihifadhiwa, maelezo yake yaandikweje, na kwa lugha gani?

Hitimisho

Swali hilo la mwisho si la wanafunzi peke yao. Katika jumba la São Paulo dira imo, kauri imo, kitanda cha gavana kimo. Mshonaji wa mtepe, mchimba mawe wa Macuti na mtu aliyepimwa kwa farumi hawamo, au wamo kwa uchache. Lakini majina ya kazi zao, ya zana zao na ya upepo wao yamo katika Kiswahili. Kwa sababu hiyo mwalimu wa Kiswahili, hata akiwa kilomita elfu moja kutoka pwani, ni mtunzaji wa makumbusho bila kujua. Akifundisha neno pamoja na kazi yake, atakuwa amekihifadhi kitu ambacho hakiwezi kupigwa mnada.

Tunawaalika walimu wenzetu wa vyuo na shule za sekondari watakaofanya mazoezi haya watuletee matokeo yao, hasa maneno ya bahari yanayotumiwa katika maeneo yao kwa maana mpya. Maneno hayo yatatufaa sote tunapojiandaa kwa Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai.